Taa ya xenon ya kushoto ilivyotaka kuniaibisha kwenye send-off ya binti yangu

Wakuu, marahaba kwa mlionisalimia na kwa mliosahau. Aliyenizidi umri, shikamoo yake hii hapa.

Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Asiyeamini aje Itigi amwangalie fundi Shabani, mdomo wake wa chini bado haujarudi vizuri.

Kwanza mnijue. Mwaka 1978 nikiwa na miaka tisa baba alifariki. Shule nikaishia darasa la pili, nikaingia porini Rungwa kuwabebea vyombo warina asali. Kwa hiyo msianze kunirekebisha herufi. Wengi mnaorekebisha watu humu mnapanda bodaboda.

Mimi nina gari.

Ni saloon ya zamani. Aina siitaji maana mtaacha uzi mgombane. Ina taa za xenon, zile nyeupe zinazomulika mpaka mbuzi anasahau alikokuwa anakwenda.

Sasa binti yangu Neema akapata mchumba wa Dodoma. Nikawatangazia wakwe mbele ya watu: mtoto wangu haendi ukumbini kwenye send-off yake, sherehe ya kumuaga, na gari la kukodi. Nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu.

Nilisema kwa sauti kubwa. Nikishasema kwa sauti kubwa huwa sirudi nyuma.

Taa ya kushoto ikaanza ujinga wiki hiyo hiyo. Ukiwasha inawaka, inatetemeka, inazima. Ukizima na kuwasha tena, inarudi kidogo halafu inakufa.

Mama Neema akasema, "Baba Neema, kodi gari la watu. Hili lina chongo."

Nikamwambia mimi sikodi.

Nikaenda Itigi kwa fundi Shabani. Vijana wa gereji wakaropoka, "Mzee shikamoo, hiyo ni balbu, nunua mpya." Shabani akawafukuza. Akachomoa terminal ya betri, akasema xenon usiishike ovyo, umeme wake unarusha mtu. Akahamisha balbu, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto.

Tatizo likabaki kushoto. Basi balbu nzima.

Akahamisha balasti, kile kiboksi kinachokuza umeme wa taa. Hapo taa ya kulia ikaanza kutetemeka, ya kushoto ikatulia. Mgonjwa kapatikana. (Hili lishikeni, litawaokoa na wauza balbu.)

Kufungua kile kiboksi, kutu tupu. Kumbe mfuniko wa nyuma wa taa haupo, maji na vumbi vinaingia. Akanifungia balasti nyingine, taa ikawaka nyeupe pee. Akaniambia, "Mzee, tafuta mfuniko wake. Usizibe na kitu kingine."

Nikamwitikia sawa.

Nani atafute mfuniko? Mimi maisha yangu yote naziba vitu kwa nta. Mzinga ukipasuka, nta. Ndoo ikivuja, nta. Nikafika nyumbani Rungwa nikaipasha nta, nikaziba nyuma ya taa vizuri kabisa. Nikaacha na katundu ka kidole ili taa ipumue. Nikasimama nikaitazama kazi yangu, nikajisifu mwenyewe maana hapakuwa na mtu mwingine.

Gari nikaliacha siku kadhaa kivulini karibu na msitu. Miti ilikuwa imetoa maua, nami nikawa narina asali ya harusi.

Siku ya send-off nikaamka mapema, nikapakia asali, nikashika njia ya Itigi. Neema alikuwa kule kwa shangazi yake. Njiani naona nyuki wawili watatu wanazunguka kioo. Nikasema hawa wanafuata mzigo wao wa asali. Wakichoka watarudi.

Nimefika mchana, nikawasha taa nizijaribu, maana ukumbini, hapo hapo Itigi, tunakwenda jioni. Ya kulia nyeupe. Ya kushoto njano, kama chai ya msibani.

Nikaenda gereji nimevimba. "Shabani! Umenifungia balasti ya kimeo! Leo, siku ya mwanangu!" Watu wakajaa. Nilimsema kijana wa watu mpaka mama ntilie akaacha kugeuza chapati.

Shabani akafungua boneti, akainama nyuma ya taa. Akasema, "Mzee, hii nta ni ya nini?"

Akaing'oa.

Wakuu, mnajua mzinga mpya tunaufanyaje? Tunaupaka nta ndani, tunauachia katundu, tunauweka kivulini karibu na maua. Nyuki wakisikia harufu wanahamia.

Basi walikuwa wamehamia. Sega jeupe limeanza kujengwa mbele ya balbu.

Gereji ilibaki tupu. Mwenye bodaboda alikimbia akaiacha inanguruma. Shabani alichomwa na nyuki mdomoni, akaingia chini ya lori na spana mkononi.

Niliyebaki nimesimama ni mimi. Hiyo si kazi yangu?

Nikawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kopo, nikawapulizia moshi pole pole, nikawahamishia kwenye boksi pamoja na sega na malkia wao. Shabani akatoka uvunguni, akafuta taa, akawasha.

Nyeupe pee. Balasti yake ilikuwa nzima siku zote.

Watu waliporudi, nikamwambia mbele ya wale wale waliosikia nikimsema, "Shabani, kosa ni langu, na ukumbini unakaa meza ya familia."

Akajibu, "Mmh." Mdomo ulikuwa umevimba, haufunguki.

Jioni nikampeleka Neema, taa zote mbili, mpaka wakwe wakakinga macho. Shabani alikaa kimya usiku mzima, wakamdhani ni mjomba mwenye kinyongo na mahari, wakawa wanamwongezea nyama. Zawadi yangu kwa mkwe ilikuwa lile boksi la nyuki. MC akataka kulitingisha asikie kuna nini. Nilirukia jukwaa kwa miaka yangu hii.

Funzo: taa ikisumbua, hamisha balbu, kisha balasti, ndipo ununue. Na mfuniko ni mfuniko. Nta bado naisifu, lakini iacheni kwenye mzinga.

Aliyewahi kukuta mnyama au mdudu kwenye gari lake aweke hapa chini, tusichekwe peke yetu.

Leo nina nyumba ya bati, shamba la alizeti, mbuzi, mizinga Rungwa, mkwe mmoja Dodoma anayefuga nyuki kwa woga, gari lenye macho mawili, na mfuniko wa taa wa dukani.