Neno Ambalo Loisi Hakumtupia Mwenzake

Kanuni yao ilikuwa moja: mmoja akikwama mbele ya watu, mwenzake amtupie neno. Loisi Matonya ndiye aliyeitunga, yeye na Shamila walipoanza kufundisha fizikia pamoja kule chuoni Chimwaga, na ndiye aliyeivunja.

Walikuwa wakichunguza jinsi misukosuko ndani ya mawingu ya gesi, huko kati ya nyota na nyota, inavyozaa nyota mpya. Wageni walikuja kuamua kama utafiti wao upewe nafasi kwenye kompyuta kubwa. Mkuu wa idara, Mzee Elisha, akamchagua Shamila auelezee.

"Na mimi, mzee?" Loisi aliuliza.

"Wewe una akili, mwanangu, ila ukieleza jambo watu husinzia. Shamila hata akitaja bei ya vitunguu utamsikiliza."

Watu walicheka. Loisi naye alicheka, meno tu. Kijiba kilikwisha kumkaa moyoni.

Siku ilipofika, Shamila aliwapa mfano wa kupepeta uwele: upepo ukija kwa vishindo, huku na huku, makapi hujikusanya vijilima vijilima. Ndivyo gesi inavyogongana na kusongamana. Panaposongamana sana, uzito wake wenyewe huivuta ndani mpaka nyota iwake. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Loisi alikereka. Mfano ule yeye ndiye aliyempa Shamila, nao ulitoka uwanjani kwa bibi yake Loisi. Shamila, mtoto wa dukani, ungo wa uwele hajaushika maishani.

Mgeni mmoja akauliza, "Kama misukosuko inaisonganisha gesi, mbona wingu zima halijageuka nyota mpaka leo?"

Shamila alimtazama Loisi. Jibu Loisi alikuwa nalo: misukosuko ileile inayorundika hapa hutawanya pale, na hulizuia wingu lisijiangukie, ndiyo maana ni gesi kidogo tu inayofika kuwa nyota. Akainama, akajifanya anatafuta kalamu mkobani.

"Labda gesi yenyewe ni haba," Shamila alijibu. Wageni wakatazamana.

Nje, Shamila alimngoja mlangoni. "Ulikuwa unajua."

"Msemaji si wewe, shoga?"

"Haya. Mimi nilidhani tuko wawili."

Wivu ni moto unaowashwa na mtu aliye ndani ya nyumba. Nafasi ya kompyuta walipewa wengine, utafiti ukafia hapo, nao ulikuwa wa Loisi kama ulivyokuwa wa Shamila. Shamila alihamia ofisi nyingine. Sasa wakikutana husalimiana, basi.