Harusi Itangoja Stata

Miaka ya tisini ilipoanza, sisi wa Kasulu hatukuwa na sheria ya kupaki. Tulikuwa na mteremko. Pikapu yangu ilikuwa imekufa stata, kwa hiyo popote nilipokwenda nilitafuta kilima kwanza, nikaelekeza pua ya gari chini, nikaweka jiwe mbele ya tairi, ndipo nikakumbuka shughuli iliyonileta. Wakati wa kuondoka natoa jiwe, gari linateremka, natia gia, linawaka. Watu walidhani napenda mandhari.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Bujumbura kumchukua baba wa mchumba wangu. Mchumba aliishi Kasulu kwa shangazi yake, na mzee alitakiwa kufika huko kesho yake kuzungumza posa na wazee wangu. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nina gari zima. Karatasi haina haya.

Mtaa wake, Mungu mkubwa, ulikuwa mteremko mtupu. Magari yote yalipangwa upande mmoja, nami nikajipanga, pua chini. Palikuwa na kibao chenye namba, 16 hadi 31. Nikadhani ni namba za nyumba.

Jioni mzee akatoka nje.

"Mwana, hamisha gari. Leo tarehe kumi na tano. Kesho upande huu ni marufuku, tunapaki ule mpaka mwezi uishe."

Nikacheka. Serikali gani inahamisha magari ya watu kwa kalenda? Mzee hakucheka, na majirani walikuwa tayari wanavuka na magari yao. Nikateremka, likawaka, nikageuza, nikapaki ng'ambo kama wenzangu: pua juu. Nilipozima injini niliogopa kweli.

Asubuhi mzee alitoka na suti nyeusi na kofia. Mbele yangu gari, nyuma yangu gari, nimebanwa. Nikazungusha ufunguo kwa maonyesho tu. Kimya.

"Baba, stata imekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya barua."

Akavua koti, akalilaza kitini. "Weye shika usukani."

Askari aliyekuja kukagua tarehe akajikuta naye anasukuma. Mimi nimekaa kama bwana mkubwa, mkwe anahema nyuma yangu. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Gari likachomoka kwenye foleni, wakakaa pembeni, nikaliachia lirudi kinyumenyume na mteremko, nikatia rivasi, likawaka.

Njia nzima mzee alijipangusa suruali; mpakani Manyovu aliongea na watu wa forodha tu.

Kasulu, wazee wangu wakanimwagia sifa: kijana mchapakazi, kijana mkweli. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa vumbi la bampa lililobaki kwenye suruali.

"Binti ninamtoa," akasema. "Ila harusi itangoja stata. Mimi nimesukuma mara moja, inatosha. Mtoto wangu hatasukuma."

Niliinunua kabla ya suti ya harusi.