Nyuzi Tano Sakafuni

Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba mwalimu wa muziki alipotangaza kwamba atakayeshika filimbi kwenye tamasha la shule ni yule anayeweza kusoma wimbo kwenye karatasi. Kuukariri kwa masikio hakukutosha tena. Sasa huyu wangu alikuwa na masikio tu. Ukimwimbia kitu mara moja, amekichukua. Mbele ya ile mistari mitano na nota zake za vichwa vyeusi, alikuwa anaduwaa. Wakapewa wiki mbili.

"Mama, nisiposoma, filimbi anapewa yule wa dawati la mbele," aliniambia. "Na yule hata hajui kupuliza. Anatema mate tu."

Mimi nilikuwa nauza nyanya sokoni Machakos. Nilikuwa narudi saa kumi na moja jioni miguu imevimba, sauti imeisha kwa kuwaita watu na kisha kukataa bei zao. Muziki wangu wote niliutoa kwaya ya kanisa, sauti ya pili, do re mi za kufundishwa kwa mdomo. Hiyo mistari sikuijua. Lakini kitu kinachoweza kuhesabiwa hakijawahi kunitisha, kwa hivyo nikamwambia alete daftari.

Daftari lilisema, ukihesabu kutoka chini: mstari wa kwanza mi, wa pili so, wa tatu ti, wa nne re, wa tano fa. Sauti nyingine zinakaa kwenye nafasi katikati ya mistari. Nikahesabu mara mbili. Mistari mitano, nafasi nne. Sawa.

Nikakata nyuzi tano za mkonge kutoka kwa zile za kusukia vikapu vyangu, viondo, nikazilaza sakafuni, unyayo mmoja kati ya uzi na uzi. Mchezo ulikuwa hivi. Mimi nakaa kwenye kigoda upande wa mlangoni, penye mwanga, nikiambua mbaazi. Yeye anasimama ng'ambo, nyuzi ziko katikati yetu. Natupa kifuniko cha soda. Kikishatua, anaruka kwa mguu mmoja hadi hapo na kuimba sauti ya mahali hapo. Akikosa, anaambua konzi moja ya mbaazi. Niliona nimepatana vizuri na dunia: akipata, amesoma; akikosa, chakula kimekaribia.

Mdogo wake, wa miaka mitano, hakuwa kwenye mchezo. Yeye aliegemea goti langu akila mbaazi mbichi na kuimba nyuma ya dada yake kama mwangwi.

Siku nyingine nilisinzia.

"Mama, tupa!"

"Nimetupa."

"Hujatupa. Umelala na kifuniko kiko mkononi."

"Basi imba cha mkononi."

Lakini ilifika Jumapili hakosi tena, na mbaazi nikawa naziambua peke yangu. Nilitupa vifuniko ishirini, akapata ishirini. Nikatupa tena ishirini, maana mara moja ni bahati. Akapata vyote. Usiku huo nililala kama mtu aliyemaliza mzigo kabla ya saa sita mchana.

Jumatatu jioni alinijia sokoni moja kwa moja kutoka shule, uso umefungwa. Mwalimu alikuwa amempa karatasi. Wimbo ulianza mi, fa, so, unapanda. Yeye akaimba fa, mi, re, anashuka. Karatasi ikishuka, yeye akapanda. Aliuimba wote hivyo, bila kusita, mpaka mwisho, darasa zima likiwa limelala kwenye madawati kwa kicheko.

"Mwalimu amesema mtu wa kubahatisha hukosa hapa na pale," alisema. "Mimi nimekosa yote, kwa mpango. Amenipa mpaka Ijumaa."

Nilimlaumu mwalimu, kama inavyotakiwa. Tulipofika nyumbani nikalisoma daftari mara mbili. Nikahesabu nyuzi mara mbili. Zilikuwa tano. Nikakaa kwenye kigoda, karatasi ya wimbo gotini, nikitamani mtu aje anivue viatu.

Mdogo akaja kuegemea pale pale pake. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini wa karatasi, akakipandisha polepole. "Mi. Fa. So."

Dada yake akageuka. "Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Mama ananifundisha mimi!"

Hapo ndipo nilipotazama alipokaa huyo mdogo. Alikaa upande wangu. Kutoka kwangu, uzi wa kwanza ulikuwa karibu na vidole vya miguu, yaani chini. Kutoka ng'ambo kwa mkubwa, uzi huo huo ulikuwa mbali, yaani juu. Nilikuwa nimemfundisha kama ninavyouza, uso kwa uso, mali katikati. Na mimi ndiye wa kupanga nyanya nzuri upande wa mteja na zilizopondeka upande wangu! Pande mbili za meza nazijua kuliko jina langu.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema mkubwa.

"Ni mimi."

"Si ulihesabu mara mbili?"

"Nilihesabu nyuzi. Upande sikuhesabu."

Hakucheka. Mimi pia sikuwa na nguvu za kucheka. Nilimvuta aje upande wangu, lakini miguu yake ilikuwa imeshazoea vibaya. Kila kifuniko ilimpeleka kinyume. Nikazikunja nyuzi. Nikachukua kiondo nilichokuwa nasuka, nikakitundika msumarini.

"Kiondo huanzia wapi, mwiitu wakwa, binti yangu?"

"Kitakoni. Hata mtoto anajua."

"Umewahi kuona kilichoanzia mdomoni?"

Nikakizungushia nyuzi tano nyeusi, moja juu ya nyingine kuanzia kitakoni. Kitako ni kitako, ukae mlangoni au ukae kitandani. Badala ya vifuniko nikachomeka njiti ya kiberiti kwenye msuko, naye akaimba. Jumanne alikosa karibu zote. Jumatano nusu. Alhamisi alikosa tatu, na safari hii nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye, naona anachokiona. Tulikuwa tumechoka hata mbaazi tulizipika na maganda mengine ndani.

Ijumaa nilikuwa nabishana bei na mama mmoja mgumu nilipomwona binti yangu akija. Kwa kawaida husimama mbele ya meza, wanaposimama wateja, anaanza kuomba kitu. Siku hiyo alizunguka, akaja nyuma, akasimama kando yangu.

"Nimekosa mbili," akasema.

"Mbili kweli?"

"Mbili tu, Mama. Nimezihesabu."

Kisha akafungua begi la shule, akatoa filimbi.

"Usipulize hapa," nikamwambia, "huyu mama atataka na wimbo wa nyongeza."

Akapuliza. Wimbo ulipanda panapotakiwa kupanda. Nikageuza debe tupu la nyanya, nikakaa juu yake, nyanya nikamwachia yule mama kwa bei yake.