Barabara ya Ng'ombe Wawili

Miaka thelathini na minne Bartla Ó Cualáin alivunja mawe kwa nyundo kando ya barabara ileile ya Carna, magharibi ya Ireland, mpaka mgongo ukapinda kama mundu. Barabara hiyo ndiyo iliyowachukua wanawe wote wanne kwenda kupanda meli za Boston. Hakurudi hata mmoja. Yeye akazidi kuziba mashimo.

Kiangazi kimoja akaja binti msomi kutoka Dublin, jina lake Gobnait, akikusanya maneno ya wazee katika daftari. Siku tatu alimwuliza Bartla majina ya mawe, ya pepo, ya maradhi ya kondoo. Siku ya nne Bartla akachoka kuulizwa, akauliza yeye.

"Na hili neno letu bóthar, barabara, limetoka wapi?"

"Kwenye bó, mzee wangu. Ng'ombe. Watu wa kale waliandika kwamba barabara sharti iwaenee ng'ombe wawili, mmoja kasimama kwa urefu, mwingine kwa upana."

Bartla akainamia tena mawe yake. Jioni, akivua viatu, alimwambia mkewe Sadhbh:

"Miaka yote hiyo, kumbe nawatengenezea ng'ombe!"

"Wewe ulidhani ya nani?" Sadhbh hakuinua macho kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Ng'ombe ndio peke yao wanaokwenda wakarudi."

Kesho yake hakushika nyundo. Alimtoa ng'ombe wake, akaazima wa jirani, akawasimamisha barabarani vile walivyoandika wa kale. Wakaenea, na hatua moja ikabaki. Mara likatokea gari la msimamizi wa barabara.

"Bartla! Umeingiwa na wazimu? Waondoe hao!"

"Napima kazi yangu, bwana. Haijapimwa hata siku moja."

"Kwa ng'ombe?"

"Si ndio wenyewe."

Yule wa jirani alikuwa mkaidi. Msimamizi alipiga honi weee, mwishowe akashuka, akamsukuma kwa bega, kiatu kikazama kwenye mavi. Bartla hakucheka. Alikuwa akiitazama ile hatua moja iliyozidi. Alijua ni nani aliyeiongeza, kokoto kwa kokoto, na vumbi lake alilisikia bado kifuani.

Alifanya kazi hadi Jumamosi. Jumatatu akarudisha nyundo, akasema atafutwe mwingine.

Gobnait alipomkosa barabarani alimfuata nyumbani. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Sadhbh alimpokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Njoo kesho, mwanangu. Amelala."