Mama Mkwe Afundishwa Adabu

Vasemaca Ratulevu hajawahi kutamka neno "labda" tangu nimfahamu, na meza zetu zimepakana muda mrefu kiasi kwamba najua anavyotafuna. Kwaya ya kanisa lao pale Nabua humtegemea kushika sauti ya pili. Akikosea, wote hukosea naye, na mchungaji hudhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Kazini kwetu, Ushirika wa Meli za Visiwani, yeye ndiye mtunza seva. Kila bandari ina seva yake ya kukatia tiketi, na zote husimamiwa kutoka hapa makao makuu, Suva, na programu moja ambayo Vasemaca mwenyewe aliileta na sisi tukaibatiza Mama Mkwe. Kila nusu saa Mama Mkwe huingia kwenye kila seva, hukagua mafaili ya mipangilio, na akikuta faili limeguswa hata herufi moja, hulitupa lote na kuweka la kwake. Hana nia mbaya. Ndivyo alivyoumbwa: hawezi kusogeza sufuria moja bila kupanga upya jiko zima.

Kisiwani Kadavu ndiko alikogomewa. Fundi wa bandari ya huko, Vunisea, aitwaye Isimeli, alikuwa ameongeza mistari yake kwenye faili, ya printa na ya dishi la setilaiti. Mama Mkwe akaifuta. Isimeli akairudisha, ikafutwa tena. Basi akamfungia mlango wa seva, akaendelea na maisha.

Isimeli ni mtoto wa mjomba wake Vasemaca, na kwetu Fiji binamu wa namna hiyo ni mtani. Usipomtukana, watu huulizana mmegombania nini.

Yote hayo yangeweza kubaki utani, lakini Jumatatu iliyokuwa inakuja anwani ya seva kuu ilikuwa inabadilika. Bandari ambayo Mama Mkwe haingii isingeipata anwani mpya, na bila anwani hiyo hakuna tiketi. Meneja wetu, Bwana Ramendra, alikuja mezani kwa Vasemaca na upole wake wa siku mbaya.

"Vase, Kadavu ikikatika naiondoa hiyo programu. Tutarudi kurekebisha seva moja moja kwa mkono."

"Haitakatika."

"Una mpango?"

"Namfundisha Mama Mkwe adabu."

Maana yake ni kwamba alimwandikia kipande kipya cha programu: badala ya kupewa faili zima, Mama Mkwe angepewa mstari mmoja tu, wa anwani, auingize, mingine asiiguse. Vasemaca akaubembeleza mlango wa Kadavu, yaani alimtukana Isimeli mpaka akaufungua, akamtuma Mama Mkwe, akaenda nyumbani.

Asubuhi simu ikalia, ni Isimeli. Vasemaca aliiweka kwenye spika, kwa kuwa hana siri na hana hofu.

"Binamu, nikusomee mstari wa kwanza au wa mwisho?"

"Soma wowote."

"Ndivyo nilivyofikiri. Maana mistari yote ni ule ule mmoja."

Kila nusu saa, usiku kucha, Mama Mkwe alikuwa ameingia, akaongeza mstari aliotumwa, akatoka ameridhika.

"Nyinyi wa Suva," Isimeli akaendelea, "mkichanganya yaqona mnamimina maji tu bila kutazama bakuli? Ndiyo maana mnalewa maji."

Sote tukajifanya tuna kazi.

"Nimekosea," alisema Vasemaca. "Ikifika saa ya chakula nitakuwa sijakosea."

Kila aliyewahi kuketi kwenye yaqona, kinywaji chetu cha mizizi iliyosagwa, anajua: mchanganyaji huinua kikombe, huangalia rangi, ndipo maji yaongezwe au isemwe yametosha. Vasemaca aliandika hivyo hivyo. Tafuta mstari kwanza. Ukiwepo sawasawa, toka. Ukiwepo umepinda, unyooshe huo huo. Usipokuwepo, ongeza. Aliandika kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na muhogo.

"Fungua mlango," alimwambia Isimeli kwenye simu.

"Nilifungua jana nikaletewa maktaba."

"Fungua, kichwa cha pweza," alisema, akimtania kwa yule pweza ambaye hadithi husema alikilinda kisiwa cha Kadavu.

"Ukiharibu tena, Krismasi utakuja huku unaogelea."

Akafungua. Vasemaca alisafisha ile mistari ya usiku, akaacha ile ya printa na dishi, kisha akamtuma Mama Mkwe. Jibu likaja: mstari mmoja umeongezwa. Akamtuma mara ya pili, na huo ndio mtihani wenyewe. Bwana Ramendra alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Ndiyo vizuri?"

"Bwana Ramendra, umewahi kuona mkwe akaingia jikoni, akatazama, akatoka?"

Bwana Ramendra, ambaye mama mkwe wake wa Labasa huja kila likizo, alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema, na akarudi ofisini kwake bila kugusia tena habari ya kurekebisha seva kwa mkono.

Jumatatu anwani ilibadilika, na Vunisea wakakata tiketi kama kawaida. Jioni Isimeli akapiga.

"Printa yangu iko salama. Dishi pia. Lakini kuna mstari mwingine humu."

Ulikuwa mmoja wa ile mistari inayoanza na alama ya reli (#), ambayo kompyuta huiruka na binadamu tu huisoma. Ulisema: *Seva hii hutunzwa na Isimeli, bwana wa pweza, aliyeshindwa na mkwe.*

"Naufuta tangu asubuhi," alisema. "Unarudi."

"Kila nusu saa," alisema Vasemaca. "Hutazama kwanza, akiukosa ndiyo anaongeza. Mistari yako sijaigusa, binamu. Huo ni wangu."