Achari ya Padma na Mikono Safi ya Bibi

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Hao wahenga hawakuwahi kukaa nyumba moja na Padma. Siku akikaanga pilipili zake na haradali kwenye mafuta ya ufuta, ule moshi ulitoka jikoni, ukashikana na upepo wa Same, ambao wenyewe hauhitaji kuchochewa, ukapita mtaa mzima unapiga hodi kwenye pua za watu. Wapangaji walipiga chafya. Mbuzi walipiga chafya. Basi la Arusha lilipiga chafya pale barabara kuu, na ukibisha kamuulize dereva, kama pua yake imeshapona. Mimi nilikuwa kitoto cha kike cha miaka tisa hivi, na mpaka leo nikisikia haradali inapasuka kwenye mafuta narudi udogoni papo hapo, na kamasi zangu zote.

Padma na mumewe, Bwana Raju, walipanga vyumba kwa Mama yangu pale mjini. Raju alikuja na mashine ya kuchimba visima, kuitafutia maji hii tambarare yetu ambayo kiangazi kikikolea hata chura anatembea na kidumu. Kwao ni Andhra, India, upande wa baharini. Kila asubuhi Padma alifagia mlangoni, akachota unga wa mchele kwa ncha za vidole, akachora maua na nyota chini, maana wanawake wa kwao ndivyo wanavyoikaribisha siku. Akimaliza maua ananichorea nchi yake. Hapa mto Krishna, hapa Godavari, mipana hiyo, ukimwita mtu ng'ambo anaitika kesho. Katikati mpunga, kijani mpaka macho yanauma. Hapa Guntur kwenye mashamba ya pilipili, zikianikwa ardhi yote inakuwa nyekundu na ndege wanapita juu wameziba pua. Kule mlima ambao watu wanaupanda wakanyolewe nywele zote, kumshukuru Mungu. Na huku bahari, jua linachomoza humo humo majini, limeshaoga. Kuku wa Mama walikuwa wanatufuata nyuma wanadonoa, wakaumaliza mto Godavari kabla haujafika baharini.

Na mimi nilimlipa kwa habari za kwetu. Nilimwambia kule milimani mkungu wa ndizi unakatwa kwa msumeno wa watu wawili, na babu yangu aliwahi kumpanda simba usiku akidhani ni punda, akashuka sokoni akamfunga kwenye mti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kubisha hakujui, akawa mtu pekee chini ya jua aliyeamini uongo wangu wote. Mtu kama huyo ukimpata humwachii hivi hivi.

Basi Padma akashika mimba, na chakula chetu kikamshinda. Makande alisema ni kama kutafuna kokoto zilizooshwa vizuri. Ugali aliutazama tu, ugali nao ukamtazama. Akakonda mpaka upepo ukivuma tunamshikilia sari asije akaangukia Kenya. Siku moja Raju akamwambia Mama pale uani, "Dada, mwezi huu ukiisha hajala, namrudisha kwa mama yake." Nilisikia kwa masikio yangu, nikanywea. Nikaacha hata kudanganya watu, Mama akaniletea dawa ya malaria.

Padma mwenyewe akasema tiba ipo: achari ya maembe ya kwao, ukiichanganya na wali wa moto hata maiti ataomba sahani. Mama akaagiza maembe mabichi Kihurio, magumu kama ngumi ya bondia. Tukayafuta kwa kitambaa moja moja, tukayapasua pamoja na kokwa zake, yakaingia kwenye mtungi na chumvi, haradali, mafuta, na pilipili ya kutosha kuendeshea lori. Sharti lilikuwa moja: maji yasisogee. Padma alilisema kwa vidole, kwa macho, kwa kichwa: "Maji hapana! Maji, achari kufa!" Mtungi ukafungwa kitambaa, ukae siku chache, kisha ukorogwe.

Siku ya kukoroga ndiyo aliyoshuka Bibi, mama yake Mama, kutoka Vudee, na kikapu cha ndizi kichwani. Padma kalala ndani, kizunguzungu. Mama yuko gengeni. Mimi nikamwambia Bibi achari inasubiri mkorogaji, na kabla sijafika kwenye habari ya maji, Bibi alishasimama. Sasa mjue, Bibi yangu kwa usafi alikuwa na jina milima yote. Chungu cha mtu hukigusi hujanawa, na mkono ulionawa haufutwi, ukiufuta umeurudishia uchafu wa kitambaa. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akakung'uta, na mkono ule unaong'aa, unaochuruzika, akauzamisha kwenye mtungi mpaka chini.

"Bibi, maji!" nikapiga kelele.

"Nimeshanawa, mjukuu wangu, mbona unanifokea kama mjomba wako?"

Padma alitoka, akauona mkono, akakaa chini. Heri angegomba. Baada ya siku chache mtungi ukaota ndevu za kijivu, ndefu kuliko za katekista wetu, na Raju akaenda kuulizia tiketi.

Bibi alipoelezwa aliugeuzageuza mkono wake kama vile si wake. Mwishowe akasema, "Nimemharibia mgeni chakula kwa usafi wangu." Akachukua kikapu akatoka. Alizunguka tambarare yote akimuuliza kila mwanamke kitu kimoja: wewe ulipokuwa na mimba ulitamani uchachu gani? Maana Bibi aliwaza, mimba ni mimba, hata iwe ya Andhra. Jioni akarudi na ukwaju, ndimu, ubuyu, na juu kabisa tita la majani ya choya, ile rozela ya juisi nyekundu. Huku kwetu tulichuma maua tu, majani tukawapa mbuzi. Mama akaona aibu: "Mama nawe, unamletea mtu chakula cha mbuzi?"

Padma akachukua jani moja, akalinusa. Akalitafuna. Akasimama, akapiga yowe, "Gongura!" Akamkumbatia Bibi mpaka kilemba kikaanguka. Kumbe hilo ndilo jani la kwao, jani la mama yake, lilikuwa linaliwa na mbuzi nyuma ya nyumba yetu. Akakaanga tita zima na pilipili, mtaa ukapiga chafya, akakaa na sinia la wali wa Ndungu, mlima ule ungeweza kupandwa migomba. Akaumaliza. Bibi naye akaonja, machozi yakamchuruzika, akasema, "Hiki si chakula, ni adhabu. Niongeze."

Tangu hapo walikaa jikoni wawili hao, mmoja akiongea Kipare, mwingine Kitelugu, lugha ambayo kila neno linaisha kwa irabu, mdomo wazi kama letu, na sijaona watu walioelewana vile. Padma alimwita Amama, ndiyo bibi kwa lugha yao. Tiketi haikukatwa. Mtoto alizaliwa hapa hapa Same, na alipolia mara ya kwanza, Bibi alisema huyu ana njaa ya gongura.

Visima vilipokwisha waliondoka, na mimi nilikuwa nimeshakua, nikaweza kulia bila kuletewa dawa. Siku hizi wajukuu wananionyesha Andhra kwenye simu. Mito ile, mpunga ule, pilipili nyekundu mpaka upeo wa macho, wanasema "pazuri," wanasukuma kidole, nchi imekwisha. Sisi ilituchukua mtungi mzima wa achari kuijua. Lakini Jumamosi nikibandika kikaango cha gongura, simu zinawekwa chini, na majirani wanaingia kila mmoja na sahani yake, wameshaanza kupiga chafya tangu getini. Waliopata hasara ni mbuzi tu. Mbuzi wa mtaa huu wa leo hawajui kabisa jani la choya lina ladha gani.