Chumba cha Mabati Kwenye Nyumba ya Karatasi

Watu wengi wakiiona mashine yangu hudhani ni printa. Ukubwa ni ule ule, na inakaa mezani vile vile, lakini mahali pa wino pana kisu kidogo chenye ncha kama ya sindano. Nachora umbo kwenye kompyuta, nabandika karatasi juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi, kisha mashine inaumeza mkeka na kufuata kila mstari niliouchora. Ikimaliza, naichomoa kazi polepole, nachokoa vipande visivyotakikana, nakunja, nagundisha. Kutoka karatasi bapa kunatokea ua, taa, kanisa, au jina la bibi harusi lililosimama wima.

Nilianza nikiwa mpokea wageni katika ofisi moja ya mjini, nikiwatengenezea wenzangu kadi za siku ya kuzaliwa. Wakati huo nilikuwa nanunua faili za michoro kwenye mtandao, waridi na malaika na mioyo, mambo ambayo kila mtu anayo. Baadaye nikajifunza kuchora mwenyewe. Siku niliyoacha kazi, mama yangu kule Kinoo aliniuliza mara tatu, "Karatasi? Unaacha mshahara kwa sababu ya karatasi?" Nikamwambia ndiyo, mara tatu. Sasa nina stoli yangu ghorofa ya tatu katika jengo la maduka madogo madogo nyuma ya Moi Avenue, Nairobi, kati ya fundi wa simu na dada anayeuza wigi, na sijawahi kujuta hata Jumatatu moja.

Mwaka jana alikuja mwanamke mmoja wa makamo, nguo zimepigwa pasi sawasawa, anaishi Spring Valley, mtaa wa wenye nazo. Alisimama akazitazama kazi zilizokuwa ukutani bila kugusa kitu. Halafu akanionyesha picha kwenye simu: nyumba ya mawe yenye paa la vigae vyekundu, na ua wa miti ya kayaba kuizunguka.

"Hii ni nyumba ya mama yangu, mtaani Woodley," akasema. "Amekaa hapo miaka arobaini. Sasa anarudi nyumbani, huko Kakamega. Tunamfanyia sherehe ya kumuaga. Nataka umtengenezee hii nyumba. Unaweza?"

"Naweza."

"Iwe nyeupe yote. Na taa ndogo ndani."

"Itawezekana."

Akavuta picha upande mmoja, ukaonekana mkia wa kitu cha mabati kilichochomoza nyuma ya nyumba. Akakifunika kwa kidole. "Hiki cha nyuma usiweke. Ni takataka tu."

Nikaandika: nyeupe, taa, bila cha nyuma. Mteja akijua anachotaka, kazi inakuwa nusu imekwisha.

Shida ya picha ni kwamba haina vipimo. Ukichora ukuta kwa kukisia, kona hazikutani, paa linapanda upande mmoja kama kofia ya mlevi. Binti akaniambia niende Jumamosi asubuhi, mama yake atakuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa mpaka saa nane, na jirani atanifungulia lango. Nikaenda na futi ya fundi na daftari. Nilipima mbele, nikapima kando, nikahesabu safu za vigae. Nilikuwa nimepiga magoti nikipima ukuta wa jikoni niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wewe ni wa kununua ama ni wa kubomoa?"

Nikageuka. Alikuwa mama mrefu, kitambaa cha kanisa kichwani, Biblia kwapani. Baadaye aliniambia mkutano uliisha mapema kwa sababu mwenyekiti alikuwa na homa. Nilijaribu kutafuta uongo wa haraka, nikaukosa. Sijui kudanganya watu wa umri wa mama yangu.

"Shikamoo, Mama. Mimi natengeneza vitu vya karatasi. Nimetumwa na binti yako. Ilikuwa iwe siri."

Alinitazama, akaitazama futi, halafu akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyo msichana! Tangu akiwa mdogo hawezi kuficha kitu. Haya, ingia ndani. Nionyeshe hiyo nyumba ya karatasi."

Nilikuwa na mchoro wa kwanza kwenye simu, nilioutengeneza kutoka kwenye ile picha. Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso. Nilingoja asifu. Mchoro ulikuwa safi, vigae vimepangwa kama magamba ya samaki, madirisha yote sawa.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hii si yangu. Hii ni nyumba ya kalenda."

Niliudhika kidogo, sitaficha. "Nimekosea wapi, Mama?"

"Kuja."

Akanitoa kwa mlango wa jikoni mpaka nyuma. Hapo ndipo kilipokuwa kile chumba. Mabati yaliyoota kutu, yamepigiliwa juu ya nguzo za mbao, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Akaufungua; ndani mlikuwa na magunia ya makaa, viti viwili vilivyovunjika na kitanda cha chuma kilichosimamishwa ukutani.

"Hapa ndipo ilipo nyumba yangu," akasema. "Huko mbele tulikuwa tunalala tu."

Alikuwa nesi, na mumewe alikuwa karani wa reli. Kila aliyetoka kwao akitafuta kazi Nairobi alifika hapo kwanza, wengine na barua ya mkononi, wengine na jina la mtaa tu walilokariri. Mumewe alijenga kile chumba kwa mabati ya kuokotezaokoteza ili wapate pa kulala. Alianza kuwahesabu kwa vidole: mpwa wake aliyekuwa seremala, mtoto wa jirani wa nyumbani, msichana aliyekuja kusomea upishi, kaka wawili waliolala kitanda kimoja, kichwa huku miguu huku. Alipofika kidole cha kumi akaanza upya, na mara ya tatu akaacha.

"Wengine sikujua hata ukoo wao," akasema. "Walisema tu wanatoka kwetu. Sasa ungefanyaje? Umwambie mtu arudi?"

"Binti yako alisema nisiweke hiki chumba, Mama."

"Najua alisema. Huwa anakionea haya." Akaurudisha waya wa mlango, akaufunga mara mbili. "Nikuulize. Hiyo zawadi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi weka. Na usimwambie."

Nilirudi mjini nikiwa na wateja wawili na nyumba moja. Nilifikiria njia kwa muda mfupi tu. Ningeweza kumpigia binti na kumweleza, angekataa, na mimi ningetengeneza nyumba ya kalenda ambayo mama mtu angeipokea kwa tabasamu na kuifunika kwa kitambaa cha meza. Au ningetengeneza nyumba ile niliyoiona. Nimefanya kazi hii vya kutosha kujua ni ipi itakayowekwa sebuleni. Nikaamua. Hasira ya mteja ningeibeba mwenyewe.

Kuta za mawe zilikuwa rahisi. Nilichora kila jiwe kwa mstari uliokatwa nusu tu, kisu kikwaruze karatasi bila kupenya. Vigae nilikata ukanda kwa ukanda, nikavigundisha kuanzia chini kama fundi wa kweli. Weupe niliuacha kama binti alivyotaka, kwenye nyumba kubwa yote. Kilichonitesa ni mabati. Nilitaka yawe na mawimbi yake hasa, kwa hiyo nilichora mistari ya kukunjia iliyokaribiana sana, mmoja wa mbele mmoja wa nyuma. Karatasi ya kwanza ilichanika katikati. Ya pili ikachanika zaidi. Fundi wa simu wa jirani alichungulia akasema, "Si uchore tu na kalamu? Nani atajua?"

"Mimi," nikamwambia.

Nikabadilisha kisu, nikapunguza nguvu ya mkato, nikaiamuru mashine ipite mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa kishindo. Karatasi ya tatu ikatoka nzima. Nilipoibana kati ya vidole ikajikunja yenyewe, mbele nyuma, mbele nyuma, bati kamili lenye ukubwa wa kiganja. Niliita jirani wa kulia na wa kushoto waje waone. Kisha nikapaka kutu kwa sponji na rangi ya maji ya kahawia, hapa nyingi, pale kidogo. Chumba chote cha nyuma kilikuwa ndicho kitu pekee chenye rangi. Ndani yake nikaweka kitanda cha chuma cha karatasi, na paa nikaliacha lifunguke.

Siku ya sherehe nilikwenda mwenyewe Woodley, kwa sababu nyumba na chumba cha nyuma nilivisafirisha kila kimoja peke yake na lazima viunganishwe palepale. Hema lilikuwa limesimamishwa uani, sufuria za kuku na mboga za kienyeji zimepangwa, mchungaji ameketi mbele. Niliunganisha nyumba ndani ya chumba cha kulala, nikaifunika shuka, tukaibeba watu wawili mpaka mezani. Baada ya maombi binti akasema maneno machache mazuri, akamwita mama yake, na mama yake akavuta shuka.

Taa zilikuwa zinawaka ndani. Watu wakashangilia. Nilikuwa namtazama binti, si nyumba. Alikiona chumba. Uso wake ulikakamaa, akanitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata.

Sikuondoka. Nilijua kazi yangu ilikuwa nzuri, na mtu anayeondoka ndiye mwenye hatia.

Lakini kabla hajanifikia, mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alikuwa ameinuka kutoka kiti cha nyuma. Alikwenda mezani akainama, akafungua lile paa la mabati kwa kidole kimoja.

"Kitanda," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akageuka kwa wenzake. "Kujeni muone. Kitanda kiko."

Wakaja. Mama mmoja ambaye sasa ni mwalimu mkuu alisema alilala pale miezi saba. Mwanamume mwingine akasema yeye alilala miaka miwili, na wakamcheka. Wakaanza kubishana nani alikuwa na nani, nani alikoroma, nani alifukuzwa kazi siku ya kwanza akarudi jioni akijifanya ameshinda kazini. Mchungaji alijaribu kuwarudisha kwenye ratiba, akashindwa, akaenda naye kutazama. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa katikati yao, mikono mapajani, anaitikia kwa kichwa kila jina linapotajwa.

Binti alinikuta karibu na tangi la maji.

"Nilikuambia usiweke."

"Ndiyo, uliniambia."

"Ni mama alikuambia uweke?"

"Alisema. Lakini kukata nimekata mimi."

Akageuka kutazama mezani. Pale mezani mtu alikuwa anaiga jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akigonga yale mabati asubuhi kuwaamsha, na vicheko vilitufikia kwa mawimbi.

"Unajua shuleni waliniita nani?" akasema mwishowe. "Mtoto wa lojingi, kana kwamba kwetu ni nyumba ya wageni. Kila nikileta rafiki nyumbani, kuna mwanaume nisiyemjua anapiga mswaki kwa bomba ya uani. Nilikichukia hicho chumba. Nilikuwa naomba Mungu kiungue."

Sikuwa nimekuja kumfundisha mtu utoto wake. Nikamwambia tu, "Pole."

Alikwenda mezani, nami nikamfuata hatua chache nyuma. Watu wakampisha. Aliizunguka nyumba, akakitazama chumba cha mabati kutoka kila upande, mikono nyuma, kama alivyozitazama kazi zangu siku ya kwanza. Halafu akainama karibu kabisa.

"Umekosea," akaniambia.

"Wapi?"

"Hakuna dirisha."

"Mama alinionyesha. Hakuna dirisha hapo."

"Lilizibwa baadaye. Lilikuwa huku, upande wa kayaba." Akaweka ncha ya ukucha juu ya bati. "Mimi ndiye nilikuwa nawapelekea chai kabla ya kwenda shule. Mlango walikuwa wanafunga na komeo kwa ndani, kwa hivyo nilipitishia hapa."

Mama yake alikuwa ameinua kichwa. "Kweli," akasema taratibu. "Kulikuwa na kadirisha. Nimesahau mimi!"

Nilikuwa na kisu cha mkono kwenye mkoba, sitembei bila hicho. Nikafungua paa, nikampa binti kipande cha kadibodi akishikilie kwa ndani ili ukuta usibonyee. Alipiga magoti kwenye nyasi na nguo yake nzuri, akaingiza vidole viwili ndani ya chumba kile, akakaza. Nikakata pande tatu, kisha wa nne, kipande kikadondoka mezani.

Akasogeza uso, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Ongeza kidogo," akasema. "Kikombe lazima kipite."

Nikaongeza milimita mbili kila upande, nikakata tena.